Datsun 240Z ya Safari, skeli 1/24: nyekundu imenigomea. Nihamie eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) au niendelee na kopo la sprei?

#1 Kisiwa24
Wakuu habari za leo. Niko Dar, Mbagala. Nina modeli ya Hasegawa ya Datsun 240Z, skeli ya 1/24, ile ya Safari Rally ya 1971 aliyoshinda Shekhar Mehta. Nimeilea miezi mitatu. Nilipuliza praima (rangi ya msingi) ya kijivu ya kopo, nikaisugua kwa msasa wa maji namba 1000, kisha nyekundu ya kopo, hizi sprei za magari za duka la vipuri.

Yaliyonipata ni haya. Paa limepauka kama limemwagiwa tui jepesi. Milangoni rangi ina vipele vya ganda la chungwa. Juu ya boneti kuna nyufa nyembamba kama nywele, ukiinamisha taa ndipo unaziona. Nilipuliza saa moja asubuhi barazani kabla watoto hawajaamka, usiku wake mvua ilinyesha.

Kuna jamaa anauza eabrashi yake na kompresa yenye tangi la lita 3. Nikinunua, haya matatu yanaisha? Kila gari dogo linalong'aa ninaloliona mtandaoni, mwenyewe anasema katumia eabrashi. Nawasilisha.

#2 PichaKwanza
Picha mkuu. Nyufa bila picha tutabishana mpaka Ramadhani.

#3 Mdau_wa_Njia
Kabla ya rangi, rekebisha historia. 1971 alishinda Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, gari namba 11. Mehta mwaka huo alikuwa wa pili, naye kwa 240Z. Ushindi wake wa kwanza ni 1973, tena kwa 240Z, alipolingana pointi na Harry Källström. Kisha akachukua 1979, 1980, 1981 na 1982 mfululizo. Angalia jina kwenye dikali (stika) za mlango kabla hujazilowesha.

#4 Kisiwa24
Ahsante sana mzee, kweli dikali zinasema Herrmann. Picha nimeweka, samahani kwa mwanga.

#5 SkeliNdogo
Nimeziona. Una magonjwa matatu na kila moja lina chanzo chake, usiyatafutie dawa moja.

Ule weupe wa paa ni unyevu. Tina (kiyeyusho cha rangi) inapoondoka inabeba joto la uso wa plastiki. Uso unapoa kuliko hewa inayouzunguka, na hewa ikiwa imejaa maji, maji yanatua juu ya rangi mbichi. Ni kama chupa ya soda ikitoka kwenye friji. Wewe ulipuliza Dar, alfajiri, baada ya mvua. Hata fundi mkubwa angepauka. Eabrashi haitakuokoa hapo, tena itakuongezea mzigo: hewa ikishindiliwa kwenye kompresa inatoa maji, na bila mtego wa maji kwenye bomba utayatema moja kwa moja juu ya paa.

Rudia saa nane au saa tisa mchana siku ya jua. Kopo hilo hilo.

#6 Bahari_Kuu
Ndugu yangu SkeliNdogo, wewe uko Nairobi, mita 1,700 juu, nguo zinakauka ukiziangalia. Mimi ni wa Mombasa, dirisha langu linatazama bahari. Mchana wetu nao una maji. Nimepuliza kwa eabrashi miaka sita hapa, na paa limepauka mara mbili tu, zote mbili kwa haraka yangu.

Siri ni tina. Kwenye eabrashi naichagua mwenyewe. Siku ya unyevu naweka ile inayokauka polepole, kama Leveling Thinner ya Mr. Color (chapa ya rangi za modeli), uso haupoi ghafla na rangi inapata muda wa kujilaza. Kwenye kopo mchanganyiko ulishaamuliwa kiwandani na mtu ambaye hajawahi kuona masika ya pwani. Kwa hiyo mleta uzi, hapo kuna hoja ya kweli ya kununua.

#7 DadaPraima
Salaam wote. Mimi ni fundi rangi, gereji, Mwanza. Mmehangaika na paa, mimi macho yangu yako kwenye boneti.

Hizo nyufa ni plastiki yenyewe iliyoliwa. Sprei ya gari imetengenezwa kwa bati. Ndani yake kuna tina kali, nyingi zina asetoni au zailini, na plastiki ya modeli ni polistairini ambayo asetoni inaiyeyusha. Praima ndiyo kizuizi. Kaka, ulipoisugua boneti kwa 1000, uliona plastiki popote?

Kama uliona, ugomvi wa kopo na eabrashi hauhusiki. Rangi ile ile ukiitia kwenye eabrashi na kuipuliza ya maji maji juu ya plastiki tupu, itakula vile vile. Chukua vijiko vya plastiki, vile vinavyokatika kwa sauti ya "ta!", vingi ni polistairini. Puliza juu yake kabla hujagusa gari.

#8 Kisiwa24
Dada, nimekumbuka na moyo umeniuma. Katikati ya boneti kweli kulionekana weupe wa plastiki, sehemu kama ukucha wa kidole gumba. Lakini nyufa zimeenea mpaka pembeni ambako praima ilikuwepo.

#9 Baridi_Kaskazini
Na hapo ndipo simwungi mkono DadaPraima, kwa heshima zote. Kama ni plastiki tupu, nyufa zingekaa pale penye ukucha. Swali langu: ulisubiri muda gani kati ya koti (tabaka la rangi) na koti?

Koti la juu likikauka wakati la chini bado laini, la chini linaendelea kusinyaa na la juu linapasuka. Nimeliona hilo kwangu Ujerumani juu ya praima nzima kabisa.

Kuhusu swali kuu, nina eabrashi mbili na bado bodi zangu za kung'aa napiga kopo. Sizungumzii sprei ya duka la vipuri. Nazungumzia Tamiya TS, kopo la ml 100 lenye rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya polistairini. Linamwaga rangi nyingi kwa pasi moja, koti linalowa, linajilaza lenyewe kama kioo. Ukija na eabrashi ya nozeli (tundu la kutolea rangi) ya milimita 0.2 kwenye paa la 1/24 utachora mistari, mstari wa kwanza umekauka kabla hujafika wa tatu. Hiyo ndiyo inayozaa vipele kwa wengi.

Na kopo likipungua nguvu, siyo bovu. Gesi iliyo ndani ni kimiminika, kila ukibonyeza sehemu yake inageuka hewa na kopo linapoa. Likipoa, mgandamizo unashuka, rangi inatoka kwa matone makubwa. Kwangu hapo ndipo ganda la chungwa la milangoni lilipotoka. Liweke kwenye maji ya uvuguvugu ya kuogea dakika chache, litikise. Maji ya moto yanayochemka usithubutu, kopo halitakiwi kupita nyuzi 50.

#10 Kisiwa24
Nilisubiri dakika kama kumi. Ya mwisho labda nusu saa, nilikwenda kunywa chai.

#11 Mdau_wa_Njia
Baridi_Kaskazini, ushauri wako mtamu lakini TS itafikaje Mbagala? Rangi ya kopo hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, begi la mkononi wala la chini. Mpwa wangu aliziacha mbili kwenye meza ya ukaguzi, zikiwa bado na karatasi zake. Ndiyo maana huku watu wanageukia eabrashi, vichupa vya ml 10 vinabebeka.

#12 MtuwaMuscat
Hapana, hilo la vichupa lisipite hivi hivi, mtu atapata matatizo. Vichupa vya LP vya Tamiya na vya Mr. Color ni laka, zinashika moto kama petroli. Udogo wa chupa hauzifanyi ziruhusiwe. Zinazosafiri bila shida ni rangi za maji zisizoshika moto, kama Vallejo za Hispania. Mimi hapa Muscat TS naagiza dukani, zinakuja kwa meli, nasubiri.

Eabrashi yenyewe na kompresa ndiyo unayoweza kutia kwenye begi. Labda hiyo ndiyo tofauti kubwa kwa mtu wa kwetu: chombo kinasafiri, rangi unaitafuta pale ulipo.

#13 DadaPraima
MtuwaMuscat umesema neno. Karibu kila mji mkubwa hapa una duka linalochanganya rangi za magari kwa namba ya rangi. Unapeleka namba ya nyekundu unayotaka, wanakupimia kidogo. Kwenye kopo utakuta nyekundu nne na zote si yako. Ukiwa na eabrashi, duka zima ni lako.

Ila mtafutie kizuizi. Praima nyepesi pasi tatu nne, kila moja kama ukungu, ndipo rangi nayo ianze kama ukungu. Koti la kulowa liwe la mwisho.

Baridi_Kaskazini, hoja yako ya kusinyaa naikubali kwa bati. Kwa plastiki bado nasema tina ilipenya praima yenyewe. Praima ya kopo ikipulizwa nyembamba si ukuta, ni chandarua.

#14 KijanaWaPlastiki
Mimi naona eabrashi ni ya kizazi kipya, wazee walizoea kopo ndiyo maana wanalitetea. Teknolojia inakwenda mbele.

#15 Mdau_wa_Njia
Kijana, kinyume chake. Eabrashi ni ya karne ya 19. Abner Peeler wa Iowa, Marekani, alikuwa na yake miaka ya 1870, na Charles Burdick akapata hataza ya inayofanana na za leo miaka ya 1890. Rangi ya kopo ilikuja 1949, Edward Seymour huko Sycamore, Illinois, akitafuta njia ya kuonyesha rangi yake ya alumini. Kopo ndiye mjukuu hapa.

#16 KijanaWaPlastiki
Nimeelimika babu. Shikamoo kwa niaba ya kopo.

#17 SkeliNdogo
Marahaba kwa niaba ya Burdick.

Turudi. Kuna jambo halijaguswa nalo ndilo lililonihamisha mimi, nalo ni unene. Rangi ya gari halisi ina unene wa kama milimita 0.1 hadi 0.15. Ukipaka hiyo hiyo 0.1 kwenye 1/24, ni sawa na kulipaka gari halisi rangi ya milimita 2.4. Mistari ya milango inajaa, vishikio vinavimba, nembo ya Datsun pale mbele inageuka kidonge. Kopo linatupa mengi kwa mbonyezo mmoja na huwezi kulinong'oneza. Eabrashi ya 0.3, mgandamizo wa hewa psi 15 hadi 20, rangi nusu kwa nusu na tina, unaweza kupita juu ya nembo bila kuizika.

Kwenye bodi ya 240Z ndefu yenye boneti kama ile, mimi natumia 0.5. Anayetumia 0.2 kwa bodi nzima amechukua kijiko cha chai kupakua pilau.

#18 Baridi_Kaskazini
Mistari ya milango naichimba kidogo kwa sindano kabla ya praima. Inabaki hata kwa TS. Na kopo ukijua kuanzia nje ya gari na kumalizia nje ya gari, sentimita 20 hivi, bila kusimama, hunenepeshi. Kasoro nyingi zinazotupiwa kopo ni za mkono. Nasema hivi kwa kuwa Kisiwa24 ana kopo mkononi leo, na eabrashi ataanza kwa kujifunza kuiosha.

#19 Bahari_Kuu
Hapo kwenye kuosha hujakosea. Kila ukibadilisha rangi unaosha. Rangi ikikauka kwenye ncha ya sindano inatema matone, na sindano ikipinda hata kidogo, rangi inakwenda upande. Kwa kazi ya nusu saa, naosha dakika kumi na tano. Napenda kazi hiyo lakini mtu aambiwe mapema.

Njia ya katikati ipo: kumimina kopo kwenye kikombe. Unaweka mrija kwenye mdomo wa kopo, unapuliza taratibu ndani ya kichupa, kisha unakiacha wazi mpaka gesi itoke yote. Ukifunga mapema kinavimba na kumwaga. Rangi ile unaitumia kwenye eabrashi. Ndivyo nilivyoanza, na TS moja ilinipa bodi tatu.

#20 PichaKwanza
Samahani, swali la nje kidogo. Gari la Safari, ganda la chungwa linamsumbua nani? Baada ya kilomita mia za murram halikuwa na mng'ao wowote. Lipake vumbi umalize.

#21 Mdau_wa_Njia
Vumbi linakaa juu ya rangi nzuri, haliifichi mbaya. Nimelitazama 240Z la Herrmann kwenye picha nyingi, na gari lenyewe Nissan wanalo kwenye hifadhi yao ya Zama, Japani. Mabonde na mikwaruzo yake unaiona kwa sababu rangi iliyobaki bado ni nyororo. Ukiweka vumbi juu ya vipele, vumbi linaingia kwenye mashimo na kuyachora yote.

#22 Bahari_Kuu
Kweli kabisa. Mimi nilichukua udongo wa Voi, ule mwekundu, nikauchekecha kwa kitambaa cha kanga mara tatu, nikausagia kwenye chokaa kidogo. Ukiuona kwenye madigadi ya matairi unasikia kiu. Lakini bodi ilikuwa imeng'arishwa kwanza.

#23 PichaKwanza
Udongo wa Voi! Weka picha!!

#24 DadaPraima
Kabla hamjaenda mbali na udongo, nina neno na wote wanaopuliza nyumbani, kopo na eabrashi sawasawa. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wa tina. Tafuta ile yenye vichujio vya mkaa vya kukaza ubavuni. Usipulize jikoni karibu na jiko la gesi, gesi ya kopo nyingi inawaka. Na msije mkachukua klia (rangi angavu ya kumalizia) ya gereji yenye hadina (kigumishi), ile ya pakiti mbili, mkaipuliza chumbani kwa sababu inang'aa. Ina kemikali ya isosaianeti. Mwenzangu wa kazi kifua chake kimeshindwa, sasa akisikia harufu yake tu anabanwa pumzi, ameacha ufundi akiwa na miaka 34. Kisiwa24, umesema watoto wamelala pale ndani. Baraza ni karibu.

#25 Kisiwa24
Dada nimekusikia, nimehamia uani nyuma, upande wa pili wa ukuta. Kichujio nimeagiza.

Sasa majibu. Nimenunua vijiko na kutumia makopo yale yale.
Cha kwanza hakina praima: kimepasuka kama boneti, ndani ya dakika tano.
Cha pili kina praima ya ukungu pasi nne, nikaacha usiku mzima, rangi saa tisa mchana nikisubiri dakika kumi kumi: safi, vipele kidogo.
Cha tatu ni sawa na cha pili ila rangi nilipuliza saa moja asubuhi: hakikupauka! Ila kina nyufa chache ukingoni.

Kopo nililiweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa vijiko vyote. Nimechanganyikiwa zaidi ya mwanzo.

#26 SkeliNdogo
Usiku uliotangulia mvua ilinyesha?

#27 Kisiwa24
Hapana. Na kulikuwa na upepo.

#28 SkeliNdogo
Basi kijiko cha tatu hakijanipinga, hewa ilikuwa kavu zaidi.

#29 DadaPraima
Na nyufa za ukingoni zinanipa haki. Ukingo wa kijiko ni mkali, praima inakimbia kwenye kona. Angalia boneti yako, nyufa za pembeni zimefuata mikunjo?

#30 Baridi_Kaskazini
Dada, kijiko cha pili kina ukingo huo huo na praima hiyo hiyo, na hakina nyufa. Tofauti ni saa. Asubuhi ni baridi zaidi, koti la chini lilichelewa kukauka ndani ya zile dakika kumi. Kusinyaa.

#31 Bahari_Kuu
Au asubuhi tina ilikaa muda mrefu zaidi juu ya praima kabla ya kuondoka, ikapata nafasi ya kupenya. Nyote wawili mnaweza kuwa kwenye kijiko kimoja.

#32 Kisiwa24
Boneti nimeiangalia kwa kioo cha kukuzia. Baadhi zinafuata mkunjo, baadhi zinakatiza. Picha hii hapa.

#33 DadaPraima
Zinazokatiza sina jibu nazo. Boneti yenyewe usiiloweke kwenye mafuta ya breki, rangi itatoka lakini nyufa zimeshaingia kwenye plastiki. Sugua kwa msasa namba 600 mpaka zipotee, jaza puti nyembamba, anza upya.

#34 MtuwaMuscat
Habari njema ni kwamba boneti ya lile gari ni nyeusi isiyong'aa, ili jua lisirudi machoni mwa dereva. Sehemu yako mbovu kuliko zote ndiyo isiyohitaji mng'ao. Nyeusi hiyo unaweza kuipiga kwa rangi ya maji, haitakula kitu. Nyekundu ndiyo ya kufikiria chombo. Na chini ya nyekundu weka praima nyeupe au ya waridi, kijivu kinaifanya iwe ya damu ya mzee.

#35 Fundi_Tandika
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Kisiwa24, mimi niko Tandika, si mbali na wewe. Eabrashi ninayo, nozeli 0.3 na 0.5, kompresa ina mtego wa maji. Usinunue ya jamaa kabla hujashika hii. Njoo Jumamosi na vijiko na kopo lako, tulimimine kwenye kikombe kama alivyosema Bahari_Kuu, tupulize nusu kwa kopo na nusu kwa eabrashi, saa ile ile, praima ile ile.

#36 Kisiwa24
Kaka nakuja. Nitabeba vijiko kumi na viwili na makopo yote mawili ya praima. Mzee Mdau, nyeusi ya boneti inaanzia kwenye mkunjo wa kioo au inashuka mpaka juu ya taa?

#37 Mdau_wa_Njia
Subiri nitoe picha zangu za Herrmann. Usikate tepu bado.